Ankara ya Mwisho

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Sisi wa Tanga tulibaki na mtandao wa kuja na kuondoka: ujumbe mmoja unapita, wa pili unazunguka mpaka unakwama. Kesho yake, kwenye kikao chetu cha saa sita mchana, nusu ya timu haikuonekana. Mwenzetu wa Kampala aliingia akatoka. Wa Dar es Salaam alituma meseji ya kawaida ya simu kwamba tusimngoje. Dizaina wetu wa Mombasa hakuingia kabisa, wala hakuna aliyeuliza habari zake. Nani aulize, na waya umekatika?

Alikuwa ameshazikwa. Alifariki alfajiri ya Jumapili ile ile, akasaliwa adhuhuri, na kabla ya alasiri watu walikuwa wamerudi kutoka makaburini.

Mimi naandika matangazo na kurasa za tovuti kwa kampuni ya masoko ya kidijitali yenye makao London. Ofisi ipo, ila sijawahi kuiona. Wengi wetu tumetawanyika, kila mtu chumbani kwake, na kinachotuunganisha ni programu ya mazungumzo, faili za pamoja na hicho kikao cha kila siku. Kwa London kikao ni saa nne asubuhi, kwetu saa sita. Wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba, kwetu kinasogea mpaka saa saba. Saa za huku hazigeuzwi, kwa hiyo tunasogeza chakula cha mchana.

Kazi ya namna hii humfundisha mtu kuvumilia kimya cha mwenzake. Umeme wa LUKU umekwisha, au kwao Mombasa tokeni. Bando limeisha usiku. Mvua imeangusha nguzo. Mtoto ana homa na mama yake amezima simu ajilaze naye kidogo. Tulizoeana hivyo kwa miaka, ikawa ndiyo adabu kati yetu: mtu akinyamaza usimbane, atarudi. Adabu hiyo mpaka leo naiona nzuri. Lakini ndiyo iliyotukalisha tangu Jumatatu mpaka Alhamisi tukimngoja marehemu, tukimwekea kazi zake pembeni, mmoja wetu akimwandikia kwamba mteja ameikubali rangi aliyoipendekeza. Katika sababu zote za kimya tulizozizoea, kifo hakikuwamo.

Alhamisi mchana jina lake likawaka kijani. Wa Kampala akaandika hapo hapo, "Karibu dada, tulikuwa tunakungoja!" Vile vinukta vitatu vya mtu anayeandika vikacheza, vikasimama, vikacheza tena kwa muda mrefu. Kisha ukaja ujumbe, umekaa pembeni mwa picha yake, ile aliyojitanda mtandio wa buluu: "Assalaam aleikum. Mimi ni kaka yake. Dada alifariki Jumapili. Hatukujua watu wa kazini kwake ni akina nani wala tuwapate wapi. Mtoto wa shangazi ndiye aliyejua namba ya siri ya kompyuta. Tunaomba mumuombee dua."

Nimewahi kufiwa. Nimepigiwa simu usiku wa manane, nimegongewa mlango alfajiri na jirani asiyejua aanzie wapi. Sikuwahi kupewa habari ya msiba kupitia jina la marehemu mwenyewe, likiwa bado limewaka.

Mimi na yeye tulikuwa tukifanya kazi ndani ya faili moja karibu kila siku. Anayeitumia Figma, programu yetu ya dizaini, anajua: watu wakiingia faili moja, kila mmoja huonekana kwa mshale mdogo wenye jina lake. Mimi naandika maneno ndani ya visanduku, yeye yuko nyuma yangu anavipanga. Anapanua hiki, anashusha kile, anachagua herufi. Hatukuongea sana. Akiipenda sentensi aliuzungusha mshale wake juu yake haraka haraka. Asipoipenda aliusimamisha pale mwanzo wa sentensi, ukakaa hapo, mpaka niifute mwenyewe. Kazi yake ilikuwa picha na rangi, lakini alikuwa na sikio la Kiswahili cha watu, na neno la kujikakamua halikumpita. Niliujua mshale ule kuliko nilivyozijua nyuso za watu wengi nilioketi nao meza moja.

Na nilimjua kwa masikio. Vikao vikichelewa mpaka jioni, adhana ya magharibi ya mtaani kwao ilitangulia kuingia kwenye spika zangu, naye akafunga kipaza sauti; baada ya muda kidogo ukaanza msikiti wetu hapa Ngamiani, nami nikafunga changu. Nilimjua jogoo wa jirani yao. Nilijua muuza samaki anapita saa ngapi. Nilimjua mama yake kwa sauti ya kumwita aje ale, na jibu lake mwenyewe la kila siku: "Naja mama, namaliza hapa."

Hatukuwahi kuonana. Tanga na Mombasa kwa barabara hazifiki kilomita 200. Ukitoka asubuhi, ukavuka mpaka wa Horohoro na ukapanda feri Likoni, mchana uko mjini. Watu wa mwambao huu wameoana na kuzikana kwenye njia hiyo tangu hakuna mpaka. Sisi tulikuwa pamoja kila siku, kwa hiyo safari haikuonekana kuwa na haraka. Nadhani hapo ndipo kazi ya mbali inapomchukulia mtu kitu bila yeye kuhisi. Inampa ukaribu wa kumtosha, naye hainuki kwenda kuutafuta uliobaki.

Nyaya zilizokatika wiki ile ndizo zilizonipa mwenzangu. Kabla Seacom haijawashwa Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya pwani hii ilitegemea satelaiti, ghali na nzito, na kazi kama yetu isingewezekana. Wazo lenyewe la kufanya kazi mbali na ofisi ni la zamani kuliko nyaya. Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alianza kulichunguza mwaka 1973, akizitazama foleni za magari za Los Angeles: kwa nini mtu ausafirishe mwili wake kila asubuhi, ikiwa kinachotakiwa ni kazi yake? Swali lilikuwa la haki. Jibu lake limeniwezesha kulea wanangu nikiwa nyumbani, na singependa kurudi nilikotoka. Ila msiba kwetu ni kazi ya mwili. Mtu huenda.

Katika ofisi ya kwanza niliyofanyia kazi, hapahapa Tanga, alifariki karani wa masijala. Kabla ya saa nne asubuhi daftari la mchango lilikuwa limeshapita kila chumba, jina na kiasi, jina na kiasi. Dereva amekwenda kutia mafuta. Wanawake tumeshatoa khanga kwenye mikoba. Tukajaa kwenye Coaster mpaka Pangani, na njiani hakuna aliyekuwa na maneno ya maana. Mmoja alilalamikia barabara, mwingine akasema marehemu alikuwa mwepesi wa kukopesha. Tulipofika wanaume walibaki nje kwenye viti vya kukodi, sisi tukaingia ndani, tukakaa jamvini, tukapewa visu na beseni la vitunguu. Tukamenya. Tukaosha masufuria. Mhasibu, ambaye walikuwa hawasemezani na marehemu kwa ugomvi wa posho, ndiye aliyeingia chini ya jeneza wa kwanza na hakutaka kupokelewa. Familia ilituona. Iliona basi zima la watu wasiowajua, ikafahamu kwamba kijana wao huko alikokuwa akishinda alikuwa na watu.

Sisi wa London, Kampala, Dar na Tanga tuliweka alama za mshumaa na za mikono inayoomba chini ya ujumbe wa kaka yake. Meneja wetu alilia kikaoni, kamera ikiwa wazi, na machozi yale nayaheshimu. Kampuni ilitupa siku ya mapumziko na namba ya mshauri nasaha. Wiki iliyofuata akaunti yake ilifungwa kwa sababu za usalama, jina likawa la kijivu. Hakuna aliyetenda ubaya. Kila mmoja alifanya kile ambacho skrini inakiruhusu, na katika jambo hili skrini inaruhusu kidogo mno. Siku ile ya mapumziko nilikaa barazani na simu mkononi, mikono inataka kazi. Nilikosa hata kitunguu cha kumenya.

Kazi ikapatikana mwisho wa mwezi.

Sisi si waajiriwa. Mkataba unatuita watoa huduma. Kila mwisho wa mwezi unaandika ankara, saa zako na mradi wenyewe, unaituma, unalipwa. Mwajiriwa aliyekuwa akichangiwa NSSF hapa Tanzania akifa, kuna msaada wa mazishi na mafao ya warithi. Mtoa huduma akifa, kinachobaki ni ankara ambayo hajaituma. Ya kwake ilitakiwa kuanzia tarehe 1 Mei mpaka usiku wa Jumamosi ya tarehe 11, na aliyekuwa akizijua saa zile alikuwa ni yeye tu. Familia isingeweza kudai, maana haikujua kuna cha kudai.

Wa Kampala ndiye aliyekumbuka kwamba faili ina historia. Inahifadhi nakala za hatua zilizopita, pamoja na jina la aliyehariri na saa. Tukakubaliana tuiandike ankara sisi. Usiku tulipiga simu ya video, tukaiacha wazi, tukaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, mimi nasoma, yeye anaandika. Ukirudisha historia hivyo, ukurasa unajifumua mbele yako. Picha inarudi ilikokuwa, kitufe kinarejea rangi yake ya mwanzo, kichwa cha habari kinakuwa tena kile kibaya ulichokuwa umeshakisahau. Kila hatua ina jina lake. Siku nzima ya mwenzangu ilikuwa imeandikwa humo. Alianza mapema kuliko alivyotuambia. Kulikuwa na mwanya wa adhuhuri, mwanya wa alasiri. Siku moja kazi inakatika saa tano asubuhi na kuanza tena baada ya isha, na tarehe niliikumbuka: alikuwa amempeleka mama yake hospitali kwa ajili ya presha, jioni akaniambia tu, "Dadangu, leo sikukaa." Saa zile za usiku asingezidai. Tuliziandika zote.

Alama ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi saa tano kasoro usiku. Alikisogeza kichwa cha habari changu kushoto, kidogo sana, kikakaa sawa na picha. Kabla ya hapo alikuwa ameacha maoni pembeni ya sentensi yangu moja kwenye tangazo la mikopo ya kina mama wauza samaki: "Neno hili zito. Watalijua?" Nililibadilisha usiku ule ule wa ankara, tangazo likiwa tayari limeshapita kwa mteja, na nikamwandikia mteja kwamba kuna marekebisho ya dizaina.

Tuliitumia karatasi yake mwenyewe, yenye jina lake juu kwa herufi za kijani alizozichora kwa mkono, na namba inayofuatia ile ya Aprili. Wa Kampala alikuwa akisema, "Hapa kuna dakika arobaini, usiziruke," kwa sauti ya chini ya mtu aliye ndani ya nyumba ya msiba. Kampuni ililipa yote bila swali, ikaongeza malipo ya mwezi mzima. Hilo nalisema kwa shukrani. Kwangu mimi tanga lake lilikuwa usiku ule, na tulikuwa watu wawili.

Hitima ya arobaini iliangukia baada ya Idi ya kuchinja. Nilikwenda. Nyumba iko Majengo, na kaka yake alinipokea barabarani maana nisingeipata. Ndani wanawake walikuwa jamvini, juzuu mikononi. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua kabla sijajitambulisha. "Marahaba. Wewe ndiye wa Tanga."

"Ndiye mimi, mama."

"Sauti yako naijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka naye usiku."

Miaka yote ile nilidhani nyumba haina habari nasi. Kumbe spika ya chumbani kwake ilikuwa ikituleta mpaka sebuleni. Mama yule alitujua wote kwa sauti, hakujua majina wala tunakaa wapi. Aliniuliza habari za mwanamume mwenye kukohoa, nikamwambia yuko Kampala na kikohozi ni cha vumbi. Akamuulizia yule Mzungu mwenye kuomba radhi kila mara. Nikamwambia ndiye mkubwa wetu, na kwamba alilia. Akalitafakari neno hilo, akasema, "Mfikishieni salamu."

Ndipo akaniuliza alichotaka kukiuliza tangu mwanzo. Mwanawe alikuwa akifanya nini mle chumbani? Mwanga aliuona chini ya mlango. Fedha aliziona, maana dawa zake zilinunuliwa kwa hizo. Lakini majirani walikuwa wakisema binti hana kazi, anashinda ndani, naye hakuwa na la kuwajibu. Binti alikuwa akimwambia, "Nachora, mama," na yeye hakuwahi kuona karatasi.

Nilitoa simu nikafungua kurasa. Lile tangazo la wauza samaki. Tovuti ya shule moja ya Kigoma. Kalenda ya kliniki ya wajawazito, ambayo mwezi hadi mwezi tumbo la mwanamke kwenye mchoro linakua, na Desemba yumo mtoto mgongoni.

"Huyu mwanamke kamchora yeye?"

"Yeye, mama. Na hizi rangi yeye. Na herufi yeye."

Aliishika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Hiyo khanga ni yangu," na kweli, nilipotazama vizuri, khanga ya mwanamke wa kalenda ilikuwa na mji wa waridi kama ile iliyokuwa imetundikwa mlangoni nyuma yake. Akampa simu aliyekaa kulia kwake. Yule akampa mwenziwe. Simu ikalizunguka jamvi lote, wanawake wanakuza picha kwa vidole, wanaitana waje waone, na kule mwisho mmoja alikuwa akimwelezea mwingine kwamba tangazo hili amewahi kuliona kwenye simu ya mwanawe na hakujua ni kazi ya mtu wa hapahapa.

Kaka yake alinisindikiza mpaka feri. Njiani aliniuliza kuhusu mkataba, nikamwambia ulivyo. Akanyamaza, kisha akasema kwamba dada yake ndiye aliyekuwa akimsomesha mdogo wao, na kwamba muhula unaanza Agosti.

Niliporudi kazini tuliandika barua, tukaisaini wote, na meneja wetu akaweka saini yake pia. Tuliomba mambo ambayo ofisi ya Tanga ya wakati ule haikuhitaji kuandikiwa. Kampuni iwe na namba ya mtu wa nyumbani kwa kila mmoja wetu, na ijue mtu huyo anazungumza lugha gani. Akaunti ya aliyefariki isifungwe kabla ya familia kupewa nakala za kazi zake. Mtoa huduma aliyefanya kazi kwa miaka awekewe mkono wa pole ulioandikwa kwenye mkataba, usiotegemea huruma ya aliyepo mwezi huo. Mawili ya kwanza yamekubaliwa. La tatu liko kwa wanasheria, na kila kikao cha mwezi tunaliuliza, kwa sauti, mbele ya wote.

Kati yetu wenyewe tumewekeana jingine. Mtu akikosa vikao viwili bila taarifa anapigiwa simu ya kawaida, nyaya ziwe zimekatika au hazijakatika, na asipopokea anapigiwa wa kwao. Kijana wangu mkubwa sasa anayo orodha ya majina yao. Na wa Kampala na wa Dar wanakuja Tanga mwezi wa Desemba, kisha tutavuka wote Horohoro kwenda kumsalimu mama. Nimeshampa habari. Ameuliza tutalala siku ngapi, na kama yule mwenye kukohoa anakula pweza.